Chumvi ya pindoni

Mwaka 1970 nilikuwa na miaka 13. Tulikuwa tunaishi porini, kwenye uwanda wa juu wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, maana kijiji chetu kilishachomwa. Julai hiyo Wareno walianza operesheni yao kubwa, Nó Górdio, na ndege zilizunguka tangu alfajiri. Mchana hakuna kuwasha moto, kwani moshi wa jungu moja uliita bomu. Tulipika usiku.

Tulikula muhogo, na huohuo tuliwalisha wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wetu dhidi ya Wareno. Muhogo ni mvumilivu: hukaa ardhini ukikungoja, na rubani haoni mizizi. Maji tuliyafuata bondeni, mbali. Kilichotusumbua ni chumvi. Ilitoka Tanzania, ng'ambo ya Ruvuma. Watu walibeba korosho na ufuta kichwani hadi mtoni, wakavuka kwa mitumbwi, wakarudi na chumvi, sabuni na nguo. Silaha nazo zilipita njia hiyohiyo. Wanaosimulia vita ile hutaja bunduki. Mimi nataka watajwe na mama zetu, ambao bunduki hizo ziliingia Mueda juu ya vichwa vyao.

Usiku mmoja wakaja makamarada, ndivyo tulivyowaita wapiganaji, kama 20, wamembeba mwenzao kwa machela. Kiongozi wao akasema, "Shikamoo, mama. Hatuna muda mrefu."

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

Mama hakuuliza wametoka wapi. Haikuulizwa. Alisonga ugali wa makopa, kisamvu kikiwa jikoni tayari, kimeungwa kwa karanga. Kisha akafungua pindo la kanga yake. Humo mlikuwa na chumvi aliyoileta baba safari yake ya mwisho kurudi kwetu. Safari iliyofuata hakurudi. Tangu hapo sisi tulitumia maji ya majivu yaliyochujwa, na ile chumvi mama hakuigusa.

Akaimimina yote.

"Mama, yote?"

"Wanatembea usiku kucha, jasho linawatoka. Koroga."

Walikula kimya, mikono kumi kwenye sinia moja. Yule wa machela hakuweza kutafuna. Mama alimnywesha mchuzi kwa kijiko, akimpangusa kidevu, mpaka wakamnyanyua.

Walipokwisha kuondoka tukafukia majivu. Mama akachukua mchuzi uliobaki chunguni, akachovya lile pindo la kanga, akalikamua taratibu kwenye kata, akatupa tunywe, mimi na mdogo wangu.