Niliambiwa macho yangu ni mazima, lakini mistari ilikuwa inakimbia

Mistari ya madaftari ya wanafunzi ilianza kunikimbia wiki ile ile niliyogonga kichwa. Nasoma mstari wa nne, nikiutafuta wa tano najikuta kwenye wa sita, au nimerudi ule ule wa nne. Baada ya nusu ukurasa herufi zinapandana, paji la uso linabana, kichefuchefu kinanijia. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, hapa Morogoro. Kusahihisha insha ndiyo kazi inayonilisha.

Niligonga kichwa ndani ya daladala. Dereva alifunga breki ghafla, paji la uso likapiga bomba la kiti cha mbele. Sikuzimia, sikutapika. Jioni kichwa kikawa kizito na taa zikawa zinaniumiza, nikaenda hospitali. Picha ya CT, ile eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya kichwa, haikuonyesha damu wala ufa kwenye fuvu. Daktari akasema ni mtikisiko wa ubongo, akanipa panadol, akanionya: nikitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au mkono ukikosa nguvu, nirudi hima hata kama ni usiku wa manane. Nayataja haya mapema kwa sababu huenda wewe unayesoma umegonga kichwa jana. Dalili hizo hazisubiri ushauri wa mtu kama mimi.

Maumivu ya kichwa yalipungua baada ya muda, macho yakabaki vile vile. Nikaenda kupima. Nilisoma ubao wa herufi hadi mstari wa chini kabisa, 6/6 kila jicho, yaani uoni wa kawaida. "Mwalimu, wewe unaona kuliko mimi," akasema aliyenipima, na kweli hakukosea. Ila ubao ule unasomwa kwa umbali wa mita 6, tena jicho moja moja. Mita 6 sina ugomvi nazo. Shida yangu ilikuwa sentimita 40, pale daftari linapokaa, macho yote mawili yakiwa wazi, na hapo hakuna aliyepima.

Ukishaambiwa huna kitu, kila mtu anakuletea chake. Jirani akasema ni husuda ya cheo, ingawa cheo chenyewe sikijui. Shangazi akaja na chupa ya asali ya nyuki wadogo, nitie matone asubuhi na jioni. Nikamwambia, "Shangazi, ahsante, hii nitaweka kwenye chai." Jicho si mahali pa kujaribia vitu. Mkuu wa shule alikuwa mwungwana, lakini nilimwona anavyoniangalia nikiomba kupunguziwa madaftari. Mgonjwa asiye na bandeji ana kazi ya kujieleza kila siku.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa kidato cha pili. Nilikuwa nasoma kifungu mbele ya darasa, akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona unasoma huku umefumba jicho moja?" Nilikuwa sijui kama nafanya hivyo. Nikajaribu kwa makusudi ofisini. Nikifumba la kulia, mistari inatulia. Nikifumba la kushoto, inatulia pia. Nikiyafungua yote, vurugu inarudi.

Nikaliandika hilo kwenye karatasi, pamoja na mambo mengine: safu za namba ni mbaya kuliko maandishi ya kawaida, kupandisha kurasa za simu kwa kidole kunanitia kizunguzungu, na nikipita maduka ya vitenge natamani kutapika kwa ile mistari na maua. Nikaenda nayo kwa mtaalamu mwingine wa upimaji macho. Kwanza akaniuliza nilichokiandika kuhusu kufumba jicho. Akasema kuona viwiliviwili kukiisha kwa kuziba jicho lolote, tatizo liko kwenye kushirikiana kwa macho. Kukibaki hata ukiziba moja, atafute ndani ya jicho lenyewe. Kisha akachukua kalamu, akaileta taratibu kuelekea pua yangu. Ilipofika kama sentimita 20 zikawa kalamu mbili, na akaniambia jicho la kulia limekimbilia nje. Kwa kawaida kalamu inatakiwa isogee hadi chini ya sentimita 10 ikiwa bado moja.

Kila jicho lina misuli 6 ya kulizungusha, na ubongo ndio unaoiamuru yote 12 ivute kwa mpango mmoja. Nilipogonga kichwa mpango huo ndio ulioyumba. CT hutafuta damu na mifupa iliyovunjika, kwa hiyo kuyumba huko hakukuweza kuonekana pale.

Akanipa miwani dhaifu ya kusomea na mazoezi ya nyumbani. La kwanza ni la penseli: unaishika mbele kwa mkono ulionyooka, unaileta puani polepole ukipigania ibaki moja, ikigawanyika unairudisha nyuma kidogo. La pili nililipenda zaidi. Unafunga uzi wenye shanga tatu za rangi tofauti kwenye nondo ya dirisha, ncha nyingine unaishika puani. Ukilenga shanga sawasawa, uzi ule mmoja unaonekana nyuzi mbili zinazokatiza hasa pale kwenye shanga. Zangu zilikuwa zinakatiza nyuma yake, maana yake macho yanalenga mbali mno. Siku nyingine uzi mmoja unatoweka kabisa. Ubongo umechoka na jicho moja umelizima. Sipendekezi mtu ajipangie mazoezi haya bila kupimwa, kwa sababu yanachosha na yakizidi yanarudisha kichwa kuuma.

Nilikuwa pia nimejifungia ndani, mapazia chini, miwani ya jua hadi jikoni. Akanikataza. Macho yanayokaa gizani yanazidi kuuogopa mwanga. Hata wataalamu wa mtikisiko wa ubongo michezoni, walipokutana Amsterdam mwaka 2022, walishauri kupumzika kwa kiasi saa 24 hadi 48 za mwanzo, kisha kurudi kidogo kidogo kwenye shughuli. Nikabaki na kofia ya ukingo mpana kwa jua la mchana, ofisini nikahamia dirishani, mbali na taa za tyubu.

Kilichonirudisha kazini hasa ni kipande cha boksi la chaki. Nilikikata tundu la upana wa mstari mmoja, nikawa nakiteremsha juu ya insha mstari kwa mstari. Dakika 10 za kusahihisha, kisha nanyanyua macho kuitazama milima ya Uluguru hadi yalegee. Naacha kabla kichwa hakijabana, maana kikishabana siku imeharibika. Barua ndefu na vikao vya wasap niliomba watu wanitumie kwa sauti. Wengine walinuna.

Sasa nasoma kurasa kadhaa bila kile kipande cha boksi, na kalamu inakaribia pua. Safu za alama bado zinanishinda: jina liko kushoto, alama ziko mbali kulia, katikati ya safari napotea na mtoto wa watu anapewa alama za jirani yake. Kwa hiyo tumepatana na mwenzangu wa Jiografia. Yeye ananijazia fomu za matokeo, mimi namwandikia ripoti za wazazi, kazi asiyoipenda hata kidogo. Muhula ujao tunaendelea hivyo hivyo.