Nilivyomtafuta baba Kariakoo kwa simu na daftari

Baba yangu alibeba mizigo Kariakoo hapa Dar zaidi ya miaka 20 na sina picha hata moja akiwa kazini. Zipo mbili tu, moja ya harusi ya dada na moja ya kitambulisho, zote amevaa shati lililopigwa pasi. Alipofariki mwaka juzi ndo nikagundua mji uliotulisha siujui kabisa, yani naishi Kimara, nashuka Kivukoni na basi la mwendokasi, naingia ofisini, narudi. Kariakoo nilikua naenda kununua nguo za sikukuu natoka mbio. Na sababu mojawapo ni yeye mwenyewe, alitukataza kwenda kumtafuta kule, hata ada ikiwa inadaiwa unasubiri jioni arudi, anaoga kwanza bombani nje, anabadili nguo, ndo anaingia ndani tunamwamkia.

Basi nikaamua jumamosi zangu niwe naenda mjini kutembea kwa miguu, na simu yenye kamera ya kawaida na daftari la mistari, lile la shule.

Jumamosi ya kwanza nilirudi na picha zaidi ya 300 na hakuna hata moja niliyotaka kuiangalia mara mbili. Watu wamekunja sura, wengine wamegeuka, wengine wananyoosha mkono kuzuia. Mama mmoja muuza nyanya pale mtaa wa Mkunguni aliniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, mbona unapita kama unakwepa deni? Si usalimie kwanza." Niliona aibu sana mana nimelelewa kuamkia watu, sasa sijui kamera ilinitoa wapi huo ustaarabu.

Kuanzia hapo nikajiwekea masharti mawili. La kwanza, hakuna picha kabla ya salamu, na salamu yenyewe iwe ya kukaa, ninunue hata muhogo, tuongee, alafu ndo niombe, na nikikataliwa nashukuru naondoka. La pili, nikishapiga picha moja siruhusiwi kupiga nyingine mpaka niandike mshororo mmoja, yani mstari wa shairi, wa mizani (silabi) 16 hapohapo nilipo, nane na nane, nahesabu kwa vidole kama tulivyofundishwa sekondari. Hili la pili nililipata kwa sababu ya kitu kimoja ambacho naona vijana wengi wa Dar hatukijui, kwamba meya wa kwanza Mwafrika wa mji huu, Sheikh Kaluta Amri Abedi, alikua mshairi, na mwaka 1954, kabla hajawa meya, alishatoa kitabu cha kanuni za utunzi wa mashairi, vina, mizani, beti, vyote. Nikajisemea kumbe mji huu ulishawahi kushikwa na mtu anayehesabu mizani, basi na mimi nitaupita kwa mizani.

Kiukweli mizani ndo ilinifundisha kuangalia kuliko kamera. Kamera inakubali chochote, ila ukishabaki na mizani nane na unataka kumuandika fundi viatu huwezi kujaza na "mzuri sana" au "mchapakazi", inabidi urudi kumtazama tena uone uzi anaupaka nta au hapana, sindano anaishika mkono gani, na ukishaona hivyo unajikuta hata picha inayofuata unaipiga kutoka upande mwingine.

Kwa anayetaka kujaribu, fika mapema. Saa moja asubuhi jua linaingia mitaani kwa ubavu na vivuli vya watu vinakua virefu mpaka ukutani, ikifika saa tano jua linakaribia utosini na nyuso zote chini ya kofia zinazimika, hapo funga kamera kanywe kahawa. Na kaa mbali na mageti yenye askari na majengo ya serikali. Kuna sehemu nilisimamishwa na mlinzi nikafutishwa picha zote za asubuhi ile, nilikua nimepiga ukuta tu wenye mwanga mzuri, iliniuma lakini mistari ilibaki kwenye daftari.

Sasa siku iliyonibadilisha ni ile nilioanzia Posta. Pale Samora na Azikiwe, kwenye sanamu ya Askari, nimepita maisha yangu yote na sijawahi kusoma kilichoandikwa chini yake. Ile sanamu imesimama tangu 1927, ya shaba, bunduki imeelekea bandarini, na maneno yapo kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Nikadhani ni ya askari peke yao. Kumbe yanataja na wapagazi, yanasema wao ndio walikua miguu na mikono ya jeshi. Nilisimama pale daladala zinapiga honi nikasoma mara tatu. Mana hao wapagazi ndo Kariakoo yenyewe, jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa Waingereza kwenye vita ya kwanza, walikaa eneo lile baada ya Waingereza kuuchukua mji mwaka 1916, na waliokufa wengi wao haikua kwa risasi, ilikua kwa maradhi na njaa na kuchoka. Askari yupo juu kwenye shaba, mpagazi amepewa mstari chini. Ila mtaa wote umebeba jina lake na kila siku maelfu ya watu wanalitamka bila kujua wanamtaja.

Nikatoka pale kwa miguu mpaka Mnazi Mmoja, nikavuka Lumumba nikaingia Kariakoo nikiwa natetemeka kidogo, sina neno lingine. Nikawa naona wanaobeba tu. Magunia, marobota ya mitumba, vijana wanasukuma mikokoteni wanapiga kelele "Pisha mzigo!" na sisi wote tunapisha bila kumuangalia aliesema.

Kuna kijiwe cha kahawa nilikua nishazoeleka, nikamkuta mzee mmoja aliyeacha kubeba zamani kidogo. Nikamwamkia, nikamwambia baba alikua anabeba hapa, ametoka Matombo kule Morogoro, nikamtajia na jina. Akatikisa kichwa. "Huku hatukuitana majina ya nyumbani, kijana wangu. Alikua anaitwaje huku?" Sikua na jibu. Miaka 20 mtu ana jina lingine mjini na mimi mwanae silijui. Mzee aliona nimenyamaza akachukua kitambaa chake akanionyesha ngata, ile ya kuwekea mzigo kichwani, inavyosokotwa, akasema ngata ikikaa vibaya shingo ndo inalipa, na gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi, hulinyanyui peke yako, unatwishwa na wenzio wawili na kushusha pia unashushwa. Hiyo nayo sikuijua. Siku zote nilikua namfikiria baba yupo peke yake na mzigo wake. Nikaandika palepale, siku hiyo masharti yangu ya mshororo mmoja yakavunjika mana ilikuja beti nzima:

Mgongo uliobeba, magunia ya wengine,
Ndio ulonipa shiba, tukala watu wanane,
Kariakoo kwa baba, kila mtaa nione,
Sina picha ya akiba, ila migongo mingine.

Nikaanza kupiga migongo. Na hapo si kwa ubunifu wangu, nilielekezwa. Kijana mmoja anayebeba mtaa wa Kongo, tulishaongea jumamosi tatu, nikamuomba picha akakubali ila akasema, "Piga bro, lakini sura isitoke, bi mkubwa kijijini anajua nauza duka." Nikashusha simu. Nilimfikiria baba na lile bomba la nje, na nguo za kubadili, na kutukataza kwenda. Mpaka leo sina uhakika kama angependa nimtafute hivi. Nimejiuliza sana usiku, kwa hiyo sura za wabebaji sipigi kabisa hata wakiruhusu, napiga mgongo, shingo, ngata, kisigino kinachokanyaga maji ya mtaro, na daftari ndo linabeba yale tuliyoongea.

Mwezi uliopita nilienda studio nikasafisha picha moja ya yule kijana, amebeba robota, mwanga wa asubuhi umepiga jasho la mgongoni mpaka linang'aa kama mafuta. Nilimwambia wa studio aikate iwe ndogo. Nikampelekea kijana na beti yake nyuma nimeiandika kwa peni. Aliiangalia muda, akaniuliza, "Huyu ni mimi?" Nikamwambia ni wewe. Akatoa simu, akafungua kava, akaiweka picha ndani, beti kwa nje, akafunga. Alafu akainama wenzake wakamtwisha.