Mayai Kumi kwa Kilo Moja ya Unga

Mama yangu hajui tarehe aliyozaliwa, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakuona kwamba kuna kitu kimepungua. Anachokijua ni kile alichoambiwa na bibi, kwamba mimba yake ilikuwa imekomaa wakati watu wa vijiji vyetu walipokuwa wakimiminika Kalenga kushuhudia fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, likirudishwa kutoka Ujerumani, na fuvu hilo lilirudishwa tarehe 19 Juni 1954. Cheti chake cha ubatizo kinataja Jumapili ya tarehe 11 Julai ya mwaka huohuo. Kaka yangu mkubwa, ambaye hapendi jambo lolote libaki likining'inia, alizipitia siku zote zilizo katikati akachagua Saba Saba, kwa sababu ni sikukuu, kila mtu anakuwa na nafasi ya kusafiri, na chama cha TANU nacho kilizaliwa siku hiyo ya mwaka huo. Mama alipoelezwa alicheka, akasema kwamba yeye na TANU hawawezi kufanana, maana yeye bado yupo.

Ndivyo ilivyotokea kwamba Jumapili ya tarehe 7 Julai 2024, tukiwa watu kumi na mmoja, tulimpeleka kusherehekea miaka sabini katika mgahawa wa Kiitaliano hapa Iringa mjini, upande wa Gangilonga, mahali ambapo watalii hupumzika kabla ya kuelekea Hifadhi ya Ruaha au baada ya kutoka huko. Nakiri kwamba mimi sikuafiki. Nilitaka tukae nyumbani kijijini, tuchinje kuku, wajukuu wacheze uwanjani, na baba mdogo aendelee kulalamika kwa starehe zake kwamba msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, umekwisha. Nilishindwa kwa kura, kwa kuwa mdogo wangu anayeishi Dar es Salaam alisema Mama amekula ugali miaka sabini na kwamba mara moja tu anastahili kuhudumiwa kama mgeni rasmi. Neno hilo la mgeni lilinikaa kooni, lakini nilinyamaza.

Ilikuwa baridi ile ya Julai inayojulikana kwa wenyeji wa nyanda za juu, yenye jua kali angani na upepo unaopenya sweta. Mama alikuwa amejifunga vitenge viwili na kujitanda shali nzito, akaketi kwenye kichwa cha meza kama alivyoelekezwa, mkoba mapajani, mgongo ukiwa umenyooka bila kugusa kiti. Orodha ya vyakula ilikuwa kwa Kiingereza na Kiitaliano tu. Kiingereza cha Mama si kikubwa, lakini tarakimu anazisoma vizuri sana, na alipofika kwenye piza ya shilingi 28,000 alikunja karatasi ile taratibu, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu amemwambia mwenye mgahawa bei ya gunia la mahindi msimu huu. Hakuna aliyemjibu. Mwaka ule mahindi yalikuwa yameshuka bei vibaya, na piza hiyo moja ilikuwa karibu nusu gunia.

Tulisubiri sana. Lilikuja kundi la watalii wakiwa wamejaa vumbi la safari, wakaketi nyuma yetu, wakahudumiwa kabla yetu. Kaka alianza kuinuka kwenda kugomba, Mama akamzuia kwa kumgusa mkono. Mhudumu, kijana mwembamba mwenye haya, alikuja kuomba radhi, na kabla ya kusema lolote alipiga goti kidogo akamsalimia Mama, "Kamwene." Sikuwa nimeona uso wa Mama ukifunguka hivyo tangu asubuhi. Waliulizana ukoo na kijiji, ikabainika kwamba bibi wa kijana huyo na Mama walikuwa wakikutana mnadani. Kuanzia hapo mgongo wa Mama ukaegemea kiti.

Chakula kilipofika, watoto walivamia piza, na Mama akaletewa sahani ya tambi pana zilizotengenezwa jikoni humohumo, zenye mchuzi wa nyanya na jibini ya kusaga juu yake. Sisi sote tulimtazama, nadhani tukiwa tayari kumwombea ugali kwa siri. Yeye alichukua uma, akaushikiza kwenye tambi chache, akauzungusha mara tatu pembeni mwa sahani hadi ukafungana kama uzi kwenye kibiringo, akala, akameza, akasema, "Nyanya wamezipika vizuri. Unga wameukanda kwa haraka."

Kimya kilitanda mezani kwetu. Tulijua kwamba alisoma Tosamaganga kwa masista wa Consolata, kama walivyosoma wasichana wengi wa rika lake. Wamisionari wa shirika hilo, ambalo lilianzia Torino nchini Italia, walifika Tosamaganga mwaka 1919 baada ya Wajerumani kuondoka, na hakuna familia ya upande wetu isiyo na mtu aliyebatizwa, kufundishwa au kutibiwa hapo. Ambacho hatukukijua, mimi nikiwa na miaka arobaini na minne, ni kwamba kwa miaka miwili Mama alisaidia jikoni. Alieleza bila kuinua macho kwenye sahani: unga ukimwagwa mezani na kuchimbwa shimo katikati kama volkano, mayai yakapasuliwa humo, donge likakandwa hadi mikono iume, likafunikwa kitambaa lipumzike, kisha likasukumwa kwa mti mrefu na kukatwa vipande vya kuanikwa juu ya shuka safi. Sista mmoja mzee alikuwa akipita na kubonyeza donge kwa kidole. Kama halikurudi juu, mlianza kukanda upya.

"Mbona hukuwahi kutupikia?" mdogo wangu aliuliza, na swali lake lilikuwa na lawama kidogo.

"Mayai kumi kwa kilo moja ya unga," Mama alisema. "Nyinyi mlikuwa saba."

Sina hakika kama wengine walilisikia jibu hilo kama nilivyolisikia mimi. Katika nyumba yetu yai lilikuwa ni ada ya shule inayosubiri kuuzwa.

Mhudumu, ambaye sasa alikuwa akizunguka meza yetu zaidi ya ilivyohitajika, alituambia kwamba nyanya zile zilitoka Ilula na jibini ililetwa kutoka Njombe, ambako Waitaliano walisaidia kuanzisha kiwanda cha maziwa. Nilipopiga hesabu niliona kwamba katika sahani ya Mama kilichokuwa kigeni labda ni mafuta ya zeituni peke yake, na kwamba aliyekuwa mgeni mezani pale ni mimi, niliyekuwa nikikata tambi kwa kisu.

Keki ililetwa ikiwa na mishumaa saba, mmoja kwa kila miaka kumi. Mama alikataa katakata kupuliza. Alisema moto hauzimwi kwa mate mbele ya chakula, na wajukuu wakafurahi kuifanya kazi hiyo kwa niaba yake. Kaka akajigeuza mshereheshaji, akatangaza zoezi la kulishana keki, kwa mpangilio wake aliouandaa tangu nyumbani: kwanza yeye kama mtoto wa kwanza, kisha sisi wengine kwa kufuatana. Mama alishika kipande kwenye uma, akamtazama mhudumu, akamwambia, "Niitie anayekanda."

Alitoka mwanamke wa makamo, unga ukiwa umemganda hadi kwenye viwiko, akijifuta mikono kwa wasiwasi, bila shaka akidhani ameitwa kulaumiwa. Mama alimlisha keki kabla ya watoto wake wote. Kisha akauliza mayai mangapi. Kumi, alijibiwa. Mama akasema kwamba kwao hesabu ilikuwa hiyohiyo, ila mara nyingi yalifika kumi na mawili, kwa sababu ya kuku wa kienyeji ambao mayai yake ni madogo, na wanawake wale wawili wakaanza kuzungumza kwa Kihehe cha haraka kiasi kwamba mimi, ninayejidai kukijua, nilipoteza njia. Kaka alibaki amesimama na orodha yake mkononi.

Tulirudi kijijini jua likielekea kuzama, kwa barabara ileile inayokwenda Ruaha. Magari mawili ya watalii yalitupita yakatuachia vumbi, na Mama akasema ameyaona yakipita mbele ya nyumba yake miaka yote hii, ila leo ndipo amewaona wenyewe wakiwa wamekaa wakila, na kwamba nao hula polepole. Baadaye alimuuliza kaka mwakani Saba Saba itaangukia siku gani. Kaka akahesabu, akasema Jumatatu.

"Basi mje tangu Jumamosi," Mama alisema, "na mtu aje na mayai."