Njiti wangu ametimiza miaka minne

Leo njiti wangu katimiza miaka minne, jamani! Alizaliwa wiki ya 31 na kilo 1.4, kiganja chake chote hakizunguki kidole changu cha mwisho.

Mama mkwe alisema kilichomwahisha ni zile ndoo za maji nilizokuwa nabeba. Jirani akasema nimerogwa. Kumbe nilikuwa na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, niliyoipuuza mwezi mzima, nikidhani kiuno kuuma na kukojoa kila saa ndiyo mimba yenyewe. Tena nilishika mimba hiyo wa kwanza akiwa na miezi mitano tu. Daktari alinitajia na mengine yanayoweza kuleta uchungu kabla ya wiki 37: malaria, mapacha, shingo ya kizazi kulegea, kuwa ulishazaa njiti huko nyuma. Presha ikipanda sana, madaktari wenyewe hulazimika kumtoa mtoto mapema. Na wapo ambao sababu haijulikani kabisa. Hapo ndipo nililia, maana nilishajihukumu.

Wiki tano nilimfunga kifuani kwa khanga, ngozi kwa ngozi, namkamulia maziwa kwenye kikombe. Sasa hivi yuko uani anakimbiza kuku wa watu, kiatu kimoja mguuni.