A2, kutoka New Cross hadi Dover

Mama alipokuja kunitembelea mwezi wa saba mwaka jana, hakuniuliza habari za Malkia aliyefariki wala za theluji. Siku ya tatu, chai ikiwa mezani, aliniuliza: "Mwanangu, hii barabara unayonitajia kila ukipiga simu, inaanzia wapi na inaishia wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Katika miaka 14 niliyokaa huku Uingereza nimehama mara mbili, na kila mara nilimwambia maneno yaleyale: nimehama, lakini nipo barabara ileile. Yeye ni mtu wa Muheza, amekulia kando ya njia ya Tanga. Anajua kwamba ukitaka kuujua mji, uliza kwanza njia inayoingia na inayotoka. Nikaomba siku mbili za mapumziko kazini, tukaenda kulala kwa rafiki yangu Deptford, na Jumamosi asubuhi tukaianza barabara kutoka London tukiwa na chupa ya chai na vitumbua vya kujifungia wenyewe.

A2 inaanzia Borough, kusini mwa mto Thames, na inakwisha Dover, bandarini. Ni kama maili 70. Waingereza walipozipa barabara zao namba, miaka ya 1920, kubwa zinazotoka London zilipangwa kwa kuzunguka kama mshale wa saa: A1 ya Edinburgh, A2 ya Dover, A3 ya Portsmouth, na kuendelea. Lakini namba ni ya juzi tu. Waroma walioivamia nchi hii mwaka 43 baada ya Kristo walikuwa wakipita hapahapa kutoka pwani ya Kent kwenda London, na njia yao inaitwa Watling Street hadi leo. Ndiyo maana kuna vipande vimenyooka kama kamba iliyovutwa.

Tulianza na Old Kent Road. Nilipaki pembeni nikamwonyesha mama kituo cha basi namba 453. Basi hilo linatembea usiku kucha, na miaka yangu minne ya kwanza, nikikaa chumba kimoja New Cross, nilikuwa nalipanda saa kumi alfajiri kwenda kufagia ofisi katikati ya jiji. Mtu ambaye hajalipanda saa hizo hajaiona London. Ghorofa ya chini yote imejaa watu wa kwetu na wa Amerika Kusini, wamevaa makoti juu ya sare za kazi, kila mmoja ana mfuko wenye chakula chake, na hakuna anayezungumza. Ofisi zinapofunguliwa saa tatu, sakafu inang'aa na wale watu wameshageuza, wanarudi Peckham na Deptford kulala. Mama aliitazama nguzo ya kile kituo kwa muda mrefu. Akasema, "Na mimi nilikuwa najua unafanya kazi ofisini." Sikuwa nimemdanganya, ila sikuwa nimemweleza yote, na pale kando ya barabara ndipo nilipomweleza.

Jumapili Old Kent Road inageuka kabisa. Makanisa ya Waafrika yamo kwenye maghala ya zamani na juu ya maduka ya matairi; ukipita saa tano unasikia ngoma na unaona watoto wamevaa suti. Wengi ni Wanigeria na Waghana. Sisi wa Kiswahili tulikuwa wachache pale, lakini unga wa sembe, mihogo na ndizi za kupika tulipata gulioni Deptford.

Nilichomweleza mama, na ambacho sijaona watu wakikisema vya kutosha, ni hiki: Waafrika wa kusini-mashariki mwa London tumekuwa tukisukumwa nje kwa kuifuata barabara hii. Kodi ikipanda New Cross, mtu anatafuta Abbey Wood au Thamesmead. Ikipanda huko, anavuka kuingia Kent: Dartford, halafu Gravesend, halafu Chatham na Gillingham. Hakuna aliyekaa akapanga. Ni kwamba ukihama, unataka uweze kurudi kanisani au msikitini kwako, kwa kinyozi wako, kwa dada aliyekushikia mtoto, na njia ya kurudi ni hiihii. Mimi mwenyewe nilitoka New Cross mwaka ambao mwenye nyumba aliongeza kodi mara mbili, nikaenda Dartford kubeba boksi ghalani. Miaka mitatu baadaye nikawa Gillingham. Nyumba tunayokaa sasa, vyumba vitatu na kibustani, inanigharimu kitu ambacho London ningepata chumba na jiko la kuchangia.

Blackheath tulipita haraka. Ni uwanda mpana wa majani ambapo wakulima wa Kent waliweka kambi mwaka 1381 wakienda kumdai mfalme haki zao kwa sababu ya kodi ya kichwa. Baba yangu aliwahi kutusimulia habari za kodi ya kichwa enzi za mkoloni, na mama alitikisa kichwa tu. Kisha njia inapanuka, tochi za mwendo ziko juu ya nguzo, unapita juu ya Dartford bila kuiona sawasawa, unaona kibao cha Bluewater, lile soko kubwa lililojengwa ndani ya shimo la machimbo ya chaki, na kibao cha Gravesend, mji wenye Masingasinga wengi na hekalu lao kubwa la mawe meupe.

Kabla ya Strood ndipo pa kuangalia. Ukiendelea mbele bila kufikiri, unajikuta kwenye M2, barabara ya kasi iliyofunguliwa mwaka 1963 ili kuikwepa miji yote ya mto Medway. Ni nzuri kwa mwenye haraka, lakini huoni mtu wala duka, ni kingo za majani na migongo ya malori. A2 yenyewe inachepuka kushoto, inateremka Strood na kuvuka daraja la Rochester, na hapo ngome na kanisa kuu viko mbele yako.

Daraja lile ndilo lililomsisimua mama kuliko ngome. Nilimweleza kwamba karne ya 14 matajiri wa hapa walijenga daraja la mawe, likakamilika mwaka 1391, na watu wakatoa mashamba na nyumba ili mapato yake yalitunze. Hadi leo mapato ya mali hizo ndiyo yanayotunza madaraja ya pale, na anayevuka halipi senti. Madaraja yenyewe yamejengwa upya, lakini mfuko ni uleule, zaidi ya miaka 600. "Basi hiyo ni wakfu," mama akasema. Ndiyo, ni wakfu hasa. Ameona nyumba za wakfu Tanga zikiliwa na wasimamizi mpaka kuta zikaanguka, kwa hiyo aliniambia nipunguze mwendo tuvuke taratibu.

Chatham na Gillingham ni kwangu. Kiwanda cha meli za kivita kilifungwa mwaka 1984 baada ya zaidi ya karne nne, na wazee ninaowahudumia kwenye nyumba ya kulelea wazee wengi walifanya kazi humo: mafundi wa kuchomelea, wapaka rangi, wapishi. Wanakumbuka meli kwa majina kama ng'ombe. Kule Gillingham vibao vya mtaa bado vimeandikwa Watling Street, na hilo linanifurahisha kila nikitoka kutafuta mkate. Mbele ya hapo barabara inabadilisha jina kila mji. Rainham na Sittingbourne wanaiita London Road, kwa sababu ndiko inakokwenda. Ukishavuka Faversham inaitwa Canterbury Road. Kila mji unaipa jina la mji mwingine, kama Dar inavyosema Barabara ya Morogoro.

Kati ya Sittingbourne na Faversham tulikuta vibanda vya cheri. Mashamba ya matunda yako kulia na kushoto, na kwenye kijiji cha Teynham ndipo mtunza matunda wa Mfalme Henry VIII, Richard Harris, alipopanda bustani yake ya cheri na tufaha mwaka 1533. Kijana aliyekuwa kibandani alikuwa ameegemea meza, simu mkononi, mizani mbele yake. Mama alishuka, akachagua moja moja kwa vidole viwili, akabonyeza, akanusa, akaonja bila kuomba ruhusa, kisha akamwambia yule kijana kwa Kiswahili kwamba za chini zimeiva zaidi. Kijana akainua sanduku la chini. Mama aliporudi kwenye gari, juisi nyekundu ikimtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono, alisema: "Kumbe nao wana Muheza yao." Anayejua machungwa ya Muheza yalivyopangwa mafungu kando ya lami ataelewa kwamba hiyo ni sifa kubwa.

Ospringe kuna jengo la mbao na mawe, mabaki ya hospitali ya karne ya 13 iliyopokea mahujaji waliokuwa wakienda Canterbury kwenye kaburi la Askofu Mkuu Thomas Becket, aliyeuawa ndani ya kanisa lake tarehe 29 Desemba 1170. Sisi tulikuwa tunakwenda hukohuko. Mama ni Mwanglikana wa Magila Msalabani. Jina la Canterbury amelisikia kwenye sala tangu utotoni.

Ndani ya kanisa kuu alikaa kimya. Lakini alikotokwa machozi ni nje, nilipompeleka upande wa pili wa ukuta wa mji, palipokuwa na Chuo cha Mtakatifu Agostino, kilichofunguliwa mwaka 1848 kufundisha wamisionari. Leo majengo ni ya shule. Miaka ya 1880 alisoma hapo Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mdogo na kusomeshwa Kiungani, Zanzibar. Alirudi, na mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa UMCA, misheni ya Kianglikana, misheni hiyohiyo iliyojenga Magila. Mama alilijua jina la Padri Majaliwa tangu shule ya Jumapili. Hakujua kwamba alitembea kwenye mawe haya. Aliuliza, "Alikuwa na mtu wa kuongea naye Kiswahili?" Sikuwa na jibu. Nilifikiria mwaka wangu wa kwanza New Cross.

Baada ya Canterbury barabara inapanda kwenye nyanda za chaki. Inakipita pembeni kijiji cha Bridge, ambacho wakazi wake waliandamana dhidi ya malori mpaka wakajengewa njia ya kando mwaka 1976. Halafu, kipilefti cha mwisho, ardhi inakatika na barabara inaning'inia angani juu ya nguzo, inageuka, na bahari yote iko chini yako na meli za Calais. Ufaransa ni kilomita 33 tu, na siku ile ilionekana, mstari mweupe.

Tulikaa juu ya mwamba tukamaliza chai. Malori ya Poland, Hispania na Lithuania yalikuwa kwenye foleni ya forodha. Mama alihesabu kwa vidole vyekundu vya cheri: New Cross miaka minne, Dartford mitatu, Gillingham saba.

"Kila ukihama unasogea baharini," alisema. "Mwanangu, wewe unarudi Tanga bila kujijua."

Nilimfungia vizuri kanga begani, upepo ulikuwa mkali. Zamu yangu ilikuwa inaanza saa moja asubuhi, kwa hiyo tukageuza gari.