Kumbukumbu ya mradi: taa ya resi kwenye Altezza, na pale limita inapoishia

Wakuu, mradi bado unasonga. Kwa mgeni, gari ni Altezza RS200 ya manyuo, injini 3S-GE BEAMS, farasi 210 kwenye resi (mizunguko ya injini kwa dakika) 7,600, ipo Shangani hapa Mtwara na inakula chumvi ya bahari kama kawaida. Ninachotengeneza ni taa ya kuniambia nibadilishe gia, ila inayoangalia joto la oili kwanza. Wazo nimelichukua kwa BMW, zile M3 E46 na M5 zina vitaa kwenye geji ya resi, injini ikiwa ya baridi vinakuzuia chini kabisa halafu vinazima kimoja kimoja kadiri oili inavyopata moto.

Fundi wangu wa Chuno aliniuliza, "Mdogo wangu, kontroli boksi si tayari ina limita, unahangaika na nini?" Swali zuri, na ndo limenifanya nisome mambo mengi kuliko nilivyopanga.

Limita ya kiwandani inafanya kazi moja tu, resi ikifika namba iliyowekwa kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inakata mafuta kwenye nozeli, mshale ukishuka kidogo inarudisha, ndo ile tatatata unayoisikia. Hao vijana wanaopiga mabomu ufukweni wengi wamewekewa ya kukata moto wa plagi badala ya mafuta, petroli inaenda mbichi mpaka kwenye eksozi inawakia humo, sauti tamu lakini masega ya eksozi (yale ya kusafisha moshi) yanaungua na valvu za kutolea moshi nazo zinapata tabu. Mimi hapana, bei za masega tunazijua.

Sasa kwa nini kuwe na kikomo kabisa. BEAMS ina silinda ya milimita 86 na pistoni inatembea milimita 86, ukipiga hesabu kwenye 7,600 pistoni inakwenda wastani wa mita 21.8 kwa sekunde, na kila mzunguko inasimama mara mbili, juu na chini. Nguvu inayovuta konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) pale pistoni inapogeuka haipandi sawa na resi, inapanda kwa mraba, resi ikizidi asilimia 35 nguvu inazidi zaidi ya asilimia 80. Juu huko springi za valvu nazo zinachelewa, valvu inabaki wazi kamshafti (shafti inayozifungua) imeshapita, na pistoni inakuja. Honda S2000 ya 2.0 ilifika 9,000 kwa sababu vitu hivi vyote vilitengenezwa kwa ajili hiyo, sio kwa sababu mtu alibadilisha namba kwenye kompyuta. Wale wanaotangaza "tunafungua limita" wakumbuke hilo.

Na hapa ndo jibu la fundi. Limita inakata mafuta, basi. Ukiwa namba tatu kwenye 7,000 unataka nne mkono ukaenda mbili, klachi ikishika magurudumu ndo yanaizungusha injini, kwa gia za Altezza inavuka 10,000 hapohapo na kontroli boksi haina cha kufanya, mafuta ikate yasikate gari zima lina kilo zaidi ya elfu linasukuma kranki. Kitu hichohicho kipo kwenye mteremko. Mnaoijua barabara ya kushuka Newala kuelekea Masasi mnaielewa ile milima, unaweka gia ndogo unaachia moto, mafuta yameshakatwa tayari maana hukanyagi, resi inapanda yenyewe tu, limita ikate nini tena? Gari za kisasa zenye gia za klachi mbili zinakataa kabisa kushuka gia kama resi itapita kikomo. Porsche wao kontroli boksi inaandika kila mara injini ilipozidishwa na ni kwa kiwango gani, mnunuzi wa 911 ya mkononi anaomba hiyo ripoti kabla ya bei. Ya manyuo yangu inategemea mkono wangu, kwa hiyo taa lazima iwake hata nikiwa sijakanyaga.

Haya, kazi yenyewe. Injini ya silinda nne inatoa mapigo mawili ya plagi kila mzunguko, kwa hiyo 7,600 ni mapigo kama 253 kwa sekunde. Nimechukua waya wa geji ya resi nikaupitisha kwenye PC817, kidude kinachopitisha ishara kwa mwanga, ili zile volti za gari zisiue ESP32, kikompyuta kidogo kinachoendesha taa. Sihesabu mapigo kwa sekunde nzima, kwenye gia ya kwanza sekunde moja ni nyingi mno taa inawaka mambo yameshaisha, napima muda kati ya pigo na pigo. Hapo namkumbuka Lexus LFA, V10 yake ilitoka sailensa (injini inanguruma bila kukanyagwa) mpaka 9,000 ndani ya sekunde 0.6, wakaamua geji iwe ya skrini kwa vile mshale wa kawaida haukuweza kuifuata.

Usumbufu ulikuwa kelele za koili, namba inaruka mpaka 14,000 gari imesimama inanguruma tu. Dawa ikawa kuiambia programu ipuuze pigo lolote linalokuja kabla ya milisekunde 2.5, maana hiyo ni resi 12,000 na hii injini haifiki huko ikiwa hai. Imetulia.

Sensa ya joto la oili nimeiweka kwenye sahani kati ya filta na bloku. Hii ndo iliyonifurahisha zaidi, kwa sababu geji ya maji ya Toyota inapanda mpaka katikati inatulia hapo, unaona gari imeshapata moto, kumbe oili bado iko 55 hivi, na hilo ni kwenye joto letu hili la Mtwara, sijui wa Makambako wana hali gani asubuhi. Nimepanga hivi: chini ya nyuzi 60 taa inawaka 3,500, mpaka 80 inawaka 5,000, ikishapita hapo njano 7,000 nyekundu 7,400. Ikivuka 125 inarudi tena 5,000, oili ikishakuwa nyepesi kama maji sitaki ubishi.

Barabara ya Mikindani nimeijaribu namba mbili tu, asubuhi, pikipiki zikiwa chache. Inawaka inapotakiwa, jua kali tu ndo haionekani vizuri, natafuta LED yenye mwanga zaidi. Inayofuata ni presha ya oili na king'ora, maana taa ya oili ya dashibodi inawaka presha ikiwa imeshakwisha kabisa. Sensa imeagizwa Dar, inakuja na basi.