Siku Niliyoisoma Vibaya Karatasi ya Babu

Mwaka 1994, siku ya tatu baada ya kumzika Babu, hitima ilipokwisha na majirani kutawanyika, Baba alinitaka niwasomee nduguze wasia aliouacha marehemu. Wasia huo ulikuwa wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Baba, aliyeona fahari kwamba nimehitimu chuo cha Kurani, alitaka nyumba nzima ya Mji wa Kale, Mombasa, inisikie.

Nilisoma vyema mpaka penye mkunjo wa karatasi: "Nimemfanya mwanangu wa mwisho kati ya wakubwa kuwa wasii wangu katika nyumba..." Wino uliofuata ulikuwa umefifia, nami sikujihangaisha nao. Nilisema kwa sauti kwamba nyumba kaachiwa Ami mdogo. Shangazi alikitua kikombe chake cha kahawa, na ami yangu mkubwa akasimama.

Mwalimu wangu wa chuoni, aliyekuwa bado hajaondoka, aliniuliza wasii ni nani.

"Aliyeusiwa," nilijibu.

"Aliyeusiwa kazi, si mali."

Aliichukua karatasi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuyasoma yale niliyoyaruka: "...na watoto wangu wadogo." Kisha akanigeukia. "Na watoto nao kapewa wawe mali yake?"

Shangazi alicheka, mara ya kwanza tangu msiba uingie.

Ndipo mwalimu alipofafanua kwamba musii ni mwenye kuusia, naye wasii ni yule anayekabidhiwa kulipa madeni ya marehemu, kutekeleza wasia wake usiovuka theluthi ya mali, kuwagawia warithi kilichobaki, na kuyatunza mafungu ya watoto mpaka wabaleghe. Alituambia pia kwamba hata kama Babu angemwachia Ami nyumba ile, wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wenzake waridhie. Nilishangaa kwamba neno wasii, ambalo mitaani halisikiki kwa kuwa watu husema msimamizi wa mirathi, lilikuwa limebeba mzigo mkubwa kiasi hicho, na mimi nimelifanya zawadi.

Ami mdogo, aliyekuwa kimya muda wote, aliuliza kama anaweza kukataa. Aliambiwa kwamba anaweza. Alinyamaza kitambo, kisha akamwomba Shangazi daftari la madeni la Babu, akalifungua magotini. Deni la kwanza lilikuwa shilingi 300 za fundi cherehani.